Kutofautisha Sifa na Mabadiliko ya Kifizikia na ya Kikemia: Mwongozo Kamili

Muulize mwanafunzi yeyote tofauti ya badiliko la kifizikia na badiliko la kikemia, na mara nyingi atakujibu bila kusita: la kifizikia linarudishika, la kikemia halirudishiki. Jibu hilo limekaririwa miaka nenda miaka rudi, na ndilo linalowaangusha wengi. Glasi ikivunjika vipande vipande hairudi kuwa glasi, ilhali hakuna kemia yoyote iliyotokea. Betri ya simu nayo huchajiwa na kuisha chaji mamia ya mara, na kila mara ni kemia tupu inayokwenda mbele kisha kurudi nyuma. Kwa hiyo kipimo cha kurudishika tukiweke pembeni tangu mwanzo.

Swali la kuuliza ni hili: dutu iliyopo baada ya tukio ni ileile iliyokuwapo kabla, au ni nyingine? Ikiwa ni ileile, hata kama imebadilika umbo, ukubwa au hali, badiliko ni la kifizikia. Ikiwa imepatikana dutu mpya, badiliko ni la kikemia. Yanayofuata yote ni namna ya kulijibu swali hilo pale ambapo macho peke yake hayatoshi, na mara nyingi hayatoshi.

Kwanza, usichanganye sifa na badiliko

Sifa ni vile dutu ilivyo, au vile inavyoweza kutenda. Badiliko ni tukio lililotokea. "Petroli hushika moto" ni sifa. Petroli iliyo ndani ya tangi lililofungwa inayo sifa hiyo hata kama haitaungua kamwe. "Petroli imeungua" ni badiliko. Swali likitaka sifa nawe ukaandika tukio, umekosa, hata kama kemia yako haina dosari.

Sifa ya kifizikia ni ile unayoweza kuiona au kuipima na dutu ikabaki yenyewe: rangi, harufu, ugumu, densiti (uzito wa kila kipimo kimoja cha ujazo), kiwango cha kuyeyuka, kiwango cha kuchemka, uwezo wa kupitisha umeme, kuvutwa na sumaku, kiasi kinachoweza kuyeyuka majini. Hapa huzuka swali zuri ambalo wengi huliogopa kuliuliza: ili nijue maji huchemka kwenye nyuzijoto 100 si lazima niyachemshe, yaani niyabadilishe? Ni kweli, utayabadilisha hali. Lakini mvuke unaotoka ni maji yaleyale, molekuli zilezile za atomi mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, ila sasa zimeachana na kutawanyika. Uguse mvuke huo kwa kitu baridi, unapata maji yako. Kipimo kimekwisha na dutu haijapotea.

Sifa ya kikemia haijulikani kwa njia hiyo. Huwezi kukitazama kipande cha madini ukajua kama kitamenyuka na asidi. Itabidi ukitie kwenye asidi, na kikimenyuka sehemu yake haitakuwa tena madini yale. Kuungua, kushika kutu, kuvunjika kwa joto kuwa dutu nyingine, kumenyuka na maji, kuwa sumu mwilini, zote ni sifa za namna hii. Unazijua kwa gharama ya dutu yenyewe.

Kuna mgawanyo mwingine wa sifa ambao vitabu huupitia haraka, na kwa maoni yangu ungestahili nafasi kubwa zaidi. Sifa kama uzito na ujazo hutegemea umechukua kiasi gani. Densiti na kiwango cha kuyeyuka havitegemei kiasi. Unapotaka kuitambua dutu, kundi la kwanza halikusaidii chochote. La pili ndilo kitambulisho. Chukua dhahabu na pairiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kwa rangi ya manjano na ambayo yamewapumbaza watafuta dhahabu wengi. Kwa rangi tu unaweza kukosea. Pima densiti: sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya pairiti ina takriban gramu 5. Gonga kwa nyundo: dhahabu hutandaa, pairiti hupasuka. Hadi hapo umetumia sifa za kifizikia tu, na sampuli yako bado ipo. Ukitaka kwenda mbali zaidi, ipashe moto mkali kwenye hewa. Dhahabu haitaungana na oksijeni. Itayeyuka tu ikifika nyuzijoto 1,064. Pairiti itatoa gesi yenye harufu kali inayochoma puani, ile ya salfa inayoungua. Hiyo ni sifa ya kikemia, na sampuli yako imeharibika.

Hatua ya kwanza: taja kila kilichokuwapo kabla

Makosa mengi huanzia hapa. Mtu ataandika "mshumaa" au "kuni" na kuishia hapo, akisahau hewa. Oksijeni haionekani, haina harufu, na kwa hiyo huachwa nje ya hesabu, wakati ndiyo mshiriki mkuu katika kuungua na katika kutu.

Angalia utepe wa magnesi unapoungua. Hutoa mwanga mweupe mkali sana (usiutazame moja kwa moja, unaweza kuumiza macho) na kuacha unga mweupe. Ukipima unga huo bila kupoteza chembe, utakuta ni mzito kuliko utepe wa mwanzo. Gramu 24 za magnesi hutoa gramu 40 za unga. Gramu 16 zilizoongezeka ni oksijeni iliyotoka hewani. Kuni kwa upande wake huonekana kupungua, kwa sababu sehemu kubwa ya kilichozaliwa ni gesi na mvuke wa maji vinavyopaa. Katika karne ya 18 wanakemia wengi waliamini kwamba kitu kinapoungua hutoa kitu fulani kilichokuwa kimejificha ndani yake. Mfaransa Antoine Lavoisier ndiye aliyesaidia kuizika dhana hiyo, na silaha yake kubwa ilikuwa mizani: alipima vyombo vilivyofungwa, hewa na yote yaliyomo, akaonyesha kwamba uzito wa jumla haubadiliki na kwamba metali inayochomwa huchukua sehemu ya hewa.

Kwa hiyo orodha yako ya "kabla" iwe na kila kitu: dutu yenyewe, hewa inayoizunguka, maji au unyevu kama upo, na asidi au kimiminika chochote ulichoongeza. Chombo hakihesabiwi isipokuwa nacho kimeshiriki.

Hatua ya pili: taja kilichopo baada

Ukiweza kutaja jina la kilichopo baada, kazi imekwisha. Barafu imekuwa maji: jina la kila siku limebadilika lakini dutu ni moja. Chuma kimekuwa kutu: kutu ni oksaidi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, iliyoshikana na maji, dutu nyingine kabisa, haing'ai, hupukutika, na haipitishi umeme kama chuma.

Kuyeyuka, kuganda, kuchemka, mvuke kuwa matone, yabisi kugeuka gesi bila kupitia kimiminika, kukata, kusaga, kukunja, kuvuta waya, kutia sumaku, kuchanganya bila kumenyuka: haya yote ni ya kifizikia na hayahitaji maelezo marefu.

Linalohitaji maelezo ni kwa nini mstari umewekwa hapo na si kwingine. Ndani ya maji kuna vifungo vya aina mbili. Kuna vile dhaifu vinavyoivuta molekuli kwa jirani yake, na kuna vile imara vinavyoshikilia haidrojeni na oksijeni ndani ya molekuli moja. Kuchemsha hukata vile dhaifu tu. Kuyageuza maji gramu 18 yaliyofika nyuzijoto 100 kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 40.7. Kuyavunja gramu hizohizo za maji ziwe haidrojeni na oksijeni kunahitaji takriban kilojuli 286, mara saba. Ndiyo maana sufuria ya maji juu ya moto hutoa mvuke siku nzima bila kutoa haidrojeni hata kidogo, na ndiyo maana kuyavunja maji hutumia umeme. Ukipitisha umeme kwenye maji yaliyotiwa asidi kidogo, mapovu hutoka kwenye ncha zote mbili, na ujazo wa haidrojeni huwa mara mbili ya ule wa oksijeni. Mapovu ya sufuriani na mapovu haya yanafanana sana kwa macho.

Hatua ya tatu: tumia dalili, ukijua kila moja inavyodanganya

Mara nyingi huwezi kutaja kilichozaliwa, hasa ukiwa unaliona tukio kwa mara ya kwanza. Hapo unategemea dalili. Vitabu hutoa orodha: rangi kubadilika, mapovu, joto au mwanga, mashapo, harufu mpya. Orodha ni nzuri, mradi usiichukue kama sheria.

Rangi. Pasha oksaidi ya zinki, unga mweupe, nayo itakuwa ya manjano. Iache ipoe, inarudi kuwa nyeupe. Bado ni oksaidi ya zinki. Chuma kikipashwa hadi kiwe chekundu kinang'aa kwa sababu ya joto tu. Sasa pasha waya wa shaba kwenye ndimi za moto: unapata utando mweusi, nao ukipoa unabaki mweusi, kwa kuwa ni oksaidi ya shaba. Kwa hiyo kanuni ya kazi ni kusubiri kipoe kwanza ndipo uamue. Na kumbuka wino unaofifia ukitiwa maji mengi. Rangi imebadilika kwa kutawanyika tu.

Mapovu. Maji yakianza kupata moto hutoa mapovu madogo kabla hata ya kuchemka: ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake inayotoka. Chupa ya soda ikifunguliwa hutoa mapovu kwa sababu mgandamizo umepungua na kabonidayoksaidi iliyokuwa imelazimishwa humo inatoroka. Hivyo viwili ni vya kifizikia. Lakini tia asidi juu ya baikaboneti ya sodiamu, na gesi inayofoka haikuwapo kabla, imetengenezwa hapohapo. Unatofautishaje? Jiulize gesi ilikuwa wapi. Kama ilikuwa tayari ndani ya kimiminika, au ni kimiminika chenyewe kilichogeuka mvuke, ni fizikia. Ukiwa na vifaa, ipime gesi. Kabonidayoksaidi huyafanya maji ya chokaa yawe kama maziwa. Oksijeni hukiwasha tena kijiti chenye kaa jekundu. Haidrojeni hupasuka kwa mlio mdogo ikikutana na kijiti kinachowaka.

Joto. Hii ndiyo dalili inayoaminiwa kupita kiasi. Maji yakiganda hutoa joto, juli 334 kwa kila gramu, na hakuna anayesema barafu ni dutu mpya. Nitreti ya amonia ikiyeyuka majini huyapoza sana maji, na mfuko wa kupooza maumivu ya wachezaji hutumia hilo. Taa ya waya wa tungsteni hutoa mwanga na joto kwa saa nyingi bila waya kuungua, kwa sababu ndani ya glopu hakuna oksijeni. Joto linakuwa ushahidi mzito pale tu linapoendelea lenyewe baada ya wewe kuondoa moto. Tutaliona hilo hivi punde.

Mashapo. Changanya vimiminika viwili angavu, nitreti ya risasi na iodaidi ya potasiamu, na papo hapo unaona unga wa manjano ukianza kutuama. Hiyo ni kemia. Lakini kimiminika kimoja kikitoa yabisi kwa kupoa tu, hiyo ni fizikia. Nitreti ya potasiamu huyeyuka takriban gramu 110 kwenye gramu 100 za maji ya nyuzijoto 60, na takriban gramu 32 tu kwenye nyuzijoto 20. Acha myeyusho huo wa moto upoe na fuwele zitajaa chini ya chombo, fuwele za dutu ileile uliyotia.

Harufu sina mengi ya kuisemea. Harufu ambayo haikuwapo kabisa ni dalili nzuri, lakini kitu kinachopata joto hunukia zaidi hata bila kubadilika. Na usinuse kwa kuinamia chombo. Pepea hewa kwa kiganja ikufikie kidogo.

Dalili moja ikisimama peke yake, usiitegemee. Zikiwa tatu kwa pamoja na hakuna maelezo mepesi ya kifizikia, una haki ya kuandika "kikemia".

Hatua ya nne: pima sifa kabla, pima sifa baada

Dalili zikigongana, rudi kwenye sifa. Dutu mpya huja na sifa zake mpya, na hapo ndipo sehemu ya kwanza ya mwongozo huu inapolipa. Sijaona jaribio linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko la chuma na salfa, kwa hiyo tulifuate polepole.

Pima gramu 7 za unga wa chuma na gramu 4 za unga wa salfa, uchanganye vizuri. Unapata unga wa kijivu unaoelekea manjano. Utazame kwa kioo cha kukuza: chembe za chuma ziko peke yake, za salfa peke yake. Funga sumaku kwa karatasi na uipitishe juu ya unga. Chuma kinapanda na kushika, salfa inabaki chini. Kila moja imehifadhi sifa zake. Mpaka hapa umefanya badiliko la kifizikia, na hata ungetwanga unga huo kutwa nzima hali isingebadilika.

Sasa chukua sehemu ndogo ya unga huo uitie kwenye neli ya majaribio na uipashe moto upande wa chini, mahali penye hewa ya kutosha na chini ya uangalizi wa mwalimu. Kwanza salfa inayeyuka na kuwa nyeusi kidogo. Kisha, sehemu moja ya unga inaanza kung'aa rangi ya machungwa. Ondoa moto mara moja. Mng'ao hauzimiki, unapanda wenyewe ndani ya unga hadi juu. Hilo ndilo joto la kuaminiwa nililolitaja: hakuna tena moto wa nje, kwa hiyo linatoka kwenye vifungo vipya vinavyofungwa.

Kikipoa, unatoa donge jeusi la salfaidi ya chuma. Lisage, kisha rudia vipimo vyako. Kioo cha kukuza hakioni tena chembe mbili tofauti. Sumaku haikitoi chuma kama ilivyofanya mwanzo, na ikiwa inavuta sana, basi kuna chuma kilichobaki bila kuungana, pengine vipimo vya mwanzo havikuwa sawa. Kipimo cha mwisho ni asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Ukidondoshea kwenye unga wa mwanzo, chuma hutoa haidrojeni, ambayo haina harufu. Ukidondoshea kwenye donge lililosagwa, inatoka haidrojeni salfaidi, yenye uvundo wa yai viza. Gesi hiyo ni sumu, kwa hiyo tone moja au mawili yanatosha, na kazi ifanyike chini ya kifyonza hewa.

Uzito nao haujabadilika, isipokuwa kama mvuke kidogo wa salfa umetoroka. Uwiano wa 7 kwa 4 si wa kubahatisha: atomi ya chuma ina uzito wa 56, ya salfa 32, na katika donge hilo kila atomi moja ya chuma imeshikana na moja ya salfa. Mchanganyiko wa mwanzo ungekubali uwiano wowote. Kampaundi, yaani dutu ya elementi zilizoungana kikemia, hukubali wake tu.

Tukio moja linaweza kubeba yote mawili

"Mshumaa kuwaka ni badiliko gani?" Swali hilo limeulizwa vibaya, na njia salama ni kuligawa. Nta iliyo karibu na moto inayeyuka: kifizikia. Inapanda kwenye utambi: kifizikia. Kwenye joto la ncha ya utambi inageuka mvuke: bado kifizikia. Mvuke huo ukikutana na oksijeni ndipo unapoungua, na hapo hutokea kabonidayoksaidi na maji: kikemia.

Unaweza kuthibitisha kwamba kinachoungua ni mvuke. Zima mshumaa kwa kuupuliza, utaona moshi mweupe ukipanda kutoka kwenye utambi. Sogeza haraka kijiti kinachowaka kwenye moshi huo, sentimita moja au mbili juu ya utambi, bila kuugusa. Moto utaruka na kushuka hadi kwenye utambi, kwa sababu moshi ule ni nta. Ukishika glasi baridi na kavu juu ya mwali, ndani yake hutanda ukungu wa maji, na maji hayo hayakuwapo kwenye nta. Michael Faraday alitoa mihadhara mizima kwa vijana jijini London katika karne ya 19 kuhusu mshumaa tu, na hakuishiwa na la kusema.

Kesi zinazoleta mabishano

Chumvi kuyeyuka majini. Huhesabiwa kuwa badiliko la kifizikia, na sababu nzuri si kwamba unaweza kuikausha ukaipata. Sababu ni kwamba ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu na kloraidi zilikuwamo ndani ya fuwele tangu awali. Maji yamezitenganisha tu. Linganisha na gesi ya haidrojeni kloraidi inayoingia majini: ndani ya gesi hakukuwa na ioni, zimezaliwa baada ya kukutana na maji, na myeyusho umekuwa asidi. Hapo pana kemia. Tia kipande cha chokaa isiyozimwa kwenye maji na utaona kikifura, kikitoa joto jingi na kugeuka dutu nyingine. Kwa hiyo "kuyeyuka majini ni kifizikia" ni kauli ya mara nyingi, si ya siku zote.

Mrututu, ile salfeti ya shaba ya buluu. Ipashe moto taratibu, inatoa mvuke na kuwa unga mweupe. Dondoshea maji, ubuluu unarudi na unga unapata joto. Inarudishika bila shida, na bado ni badiliko la kikemia, kwa sababu maji yale yalikuwa yameshikwa ndani ya fuwele kwa uwiano maalumu, molekuli tano kwa kila shaba moja. Gramu 25 za fuwele hizo zikipoteza maji yote hubaki gramu 16. Mwalimu akikuambia kila kinachorudishika ni cha kifizikia, mpelekee mrututu.

Iodini na kloraidi ya amonia. Hizi mbili zinafanana kiasi cha kuudhi. Pasha iodini taratibu, utaona mvuke wa zambarau na kisha fuwele zikiganda kwenye sehemu baridi ya neli. Pasha kloraidi ya amonia, unga mweupe unatoweka chini na kutokea tena juu. Iodini imebadilika hali tu. Molekuli zake ziko vilevile kwenye mvuke. Kloraidi ya amonia imevunjika kuwa gesi mbili, amonia na haidrojeni kloraidi, ambazo zimeungana tena zilipopoa. Utajuaje? Weka pamba kwenye shingo ya neli na karatasi za litmasi zenye unyevu, nyekundu na buluu, juu yake: asidi hugeuza litmasi kuwa nyekundu, besi kama amonia huigeuza buluu. Amonia ni nyepesi na husafiri haraka zaidi, kwa hiyo litmasi nyekundu hugeuka buluu kwanza. Baadaye haidrojeni kloraidi inafika na zote zinaelekea wekundu. Jambo ambalo jicho liliona ni moja na lilelile, karatasi imeligawa mara mbili.

Kukauka. Tope likikauka limepoteza maji na basi. Litie maji, ni tope tena. Saruji haikauki hata kidogo, ingawa kila mtu husema imekauka. Inamenyuka na maji na kutengeneza fuwele mpya zinazoshikana, ndiyo maana huwa ngumu hata ikiwa chini ya maji. Rangi za mafuta nazo hukomaa kwa kuchukua oksijeni ya hewani.

Na yapo mabadiliko ambayo hayamo upande wowote. Urani ikitoa mnururisho na kuwa elementi nyingine, kilichobadilika ni kiini cha atomi. Hilo liache kwa fizikia ya nyuklia.

Namna ya kuandika jibu

Jibu zuri lina vitu vitatu: kilichokuwapo, kilichopo, na ushahidi. Kwa mfano: "Waya wa shaba uliopashwa hewani umepata utando mweusi wa oksaidi ya shaba, utando haukuondoka ulipopoa na uzito wa waya uliongezeka, kwa hiyo badiliko ni la kikemia." Usiandike "kwa sababu rangi imebadilika" ukanyamaza. Msahihishaji mwenye kujua kazi yake atakukumbusha oksaidi ya zinki.

Jipime kwa haya. Barafu iliyosahauliwa kwenye friza kwa muda mrefu hupungua bila kulowanisha chochote: imegeuka mvuke moja kwa moja, ni kifizikia. Pete ya fedha iliyoingia weusi: fedha imeungana na salfa iliyo hewani, kikemia, na ukiisugua hadi ing'ae unaondoa dutu mpya, hurudishi ile ya zamani. Gazeti la zamani lililogeuka manjano: hakuna moto, hakuna mapovu, hakuna joto la kuhisi, lakini ni kikemia, oksijeni na mwanga vimekuwa vikiibadilisha karatasi polepole. Na njiti ya kiberiti? Kusugua ni kifizikia, ni msuguano unaozalisha joto. Joto hilo linawasha fosforasi nyekundu iliyo ubavuni mwa kasha, nayo inamenyuka na kloreti ya potasiamu iliyo kwenye kichwa cha njiti: kikemia. Nta iliyotiwa kwenye kijiti inayeyuka na kugeuka mvuke, kifizikia, kisha mvuke unaungua, kikemia, na mti unafuata. Yote hayo ndani ya sekunde mbili, na ukiandika neno moja tu kama jibu, umeacha zaidi ya nusu.